Masale kwenye Meza ya Mtihani

Chuo chetu kilikuwa mjini Moshi, nyuma ya gereji ya malori, na kilifundisha mambo matatu: biashara, hoteli na kompyuta. Mimi nilijiandikisha hoteli, lakini pale hukuruhusiwa kupenda kimoja tu. Asubuhi unakaanga mayai, mchana unaandika mpango wa biashara, jioni unabonyeza kompyuta ambayo usiku hufunikwa kitambaa cha kudarizi kama redio ya bibi harusi. Umeme ukikatika, na ulikatika sana, mwalimu wa kompyuta alichora kibodi ubaoni na sisi tukachapa juu ya madawati, vidole vyote kumi, tukiangalia mbele. Mpaka leo nachapa haraka kuliko wengi ninaofanya nao kazi, na sehemu kubwa ya ujuzi huo niliupata kwenye mbao.

Somo la biashara nalo lilikuwa na vituko vyake. Tulipoambiwa kila mtu aandike mpango wa biashara yake, darasa zima liliandika ufugaji wa kuku. Mwalimu akafura, akasema anataka mawazo mapya, tufikirie, tuache kuigana. Wiki iliyofuata nusu ya darasa ikaleta mpango wa kufuga kware. Alivua miwani, akatutazama kwa muda, akaivaa tena na kuanza kusahihisha.

Lakini aliyetutengeneza hasa ni mwalimu wa mapokezi na huduma ya mezani, mama mmoja wa Tanga mwenye sauti ya taratibu ambaye alitwikwa mzigo wa kuwafundisha Wachagga kutabasamu. Sisi mgeni tunamlisha. Tunamlisha mpaka aombe msaada. Kumchekea juu yake tunaona ni kazi ya ziada. "Wanangu," alikuwa akisema, "mgeni hajaketi bado, nyie mmeshamnunia." Basi tulipangwa mstari mbele ya kioo cha bafuni tukafanya mazoezi ya kutabasamu, na mwenzangu aliyesimama kushoto kwangu alikuwa akitabasamu kwa raha zote bila kujilazimisha, kwa sababu yeye hakuwa wa mlimani. Alikuwa wa Chekereni, kwenye mashamba ya mpunga, mtoto wa wazazi waliohamia kutoka mbali. Huyo ndiye aliyekuwa rafiki yangu wa chuo, na huyo ndiye aliyesababisha haya ninayotaka kusimulia.

Kwetu ni Machame. Baba yangu ni kitinda mimba, kwa hiyo kwa desturi yetu ndiye aliyebaki kwenye kihamba cha wazazi, lile shamba la migomba lenye nyumba ya ukoo, na bibi, mama yake, aliishi nasi. Kaka yake mkubwa, baba mkubwa wangu, alipewa kihamba cha pembeni. Kati ya migomba yetu na migomba yao ulikuwapo mpaka wa majani ya masale tu, na nilipokuwa mdogo niliuvuka bila hata kujua kwamba ni mpaka. Asubuhi nilikunywa maziwa kwa mama, saa nne nikanywa tena kwa mama mkubwa, na kila mmoja alijifanya hajui kwamba mwenzake ameshaninywesha.

Nilipokuwa darasa la tano wale ndugu wawili waligombana kuhusu mpaka huohuo. Mvua kubwa ilikuwa imeporomosha udongo na kung'oa sehemu ya masale, yakapandwa mengine, na ghafla kila mmoja akawa na hakika kwamba mwenzake ameyasogeza. Ukiuliza yamesogezwa kiasi gani, hata mgomba mmoja haukutosha pale. Wazee wa kanisa walikuja wakapima kwa kamba, wakanywa chai, wakaondoka. Baba na baba mkubwa hawakusemeshana tena. Jumapili baada ya ibada, kwenye mnada wa vyakula vilivyotolewa sadaka nje ya kanisa, walikuwa wakishindania mkungu uleule wa ndizi kwa hasira, watu wazima wawili wenye migomba mpaka mlangoni, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao.

Aliyeumia ni bibi. Baba mkubwa aliapa hakanyagi tena ua ule, na alikuwa mtu wa kushika kiapo hata kikiwa cha kipuuzi. Bibi naye miguu ilimgomea, hakuweza tena kuteremka na kupanda kile kijia cha mteremko mpaka kwa mwanawe wa kwanza. Alimwona kanisani tu, siku ambazo alipata wa kumpeleka. Nyakati za jioni alikaa kwenye kiti chake barazani akisikia kikohozi cha mwanawe upande wa pili wa masale, akisema, "Huyo leo kifua kinambana." Alikuwa na ombi moja tu. Alitaka kuwaona wote wawili ndani ya ua wake, kwa wakati mmoja, kabla hajaondoka. Alilisema wazi, na kila mwaka alizidi kulisema kwa sauti ndogo zaidi. Mimi lilikuwa likinitia uchungu mpaka natamani kuwafungia wale wazee wawili kwenye banda la ng'ombe mpaka wapatane.

Kinachotia hasira zaidi ni kwamba dawa ilikuwa imeota palepale. Isale ni lile jani refu la kijani tunalolipanda mipakani na makaburini. Kwetu ukimkosea mtu unachuma jani moja, unalipiga fundo, unampelekea. Huhitaji hotuba. Na yeye akiwekewa isale mbele yake hana ruhusa ya kukataa. Atasamehe hata kama anasaga meno. Masale yalikuwa hatua chache kutoka mlango wa baba na hatua chache kutoka mlango wa baba mkubwa. Lakini anayepeleka isale ndiye anayekiri kwamba amekosa, na kati ya wale wawili hakuna aliyekuwa na mpango wa kukosa.

Mwaka wa mwisho wa chuo ulimalizika kwa mtihani wa vitendo. Kila mwanafunzi wa hoteli alipewa meza moja kwenye ukumbi wa chuo, akaalika watu wawili wa kwao, akawapikia na kuwahudumia mbele ya mtahini aliyetoka nje ya chuo. Nilikwenda nyumbani kuwaalika baba na mama. Mama alikuwa anakamua ng'ombe, hata hakugeuka.

"Mimi ng'ombe huyu anakaribia kuzaa, siendi kokote," alisema. "Mwite baba yako mkubwa."

"Mama, na baba je?"

"Na baba yako. Si umesema ni watu wawili?"

Ng'ombe yule alizaa miezi miwili baadaye. Mama yangu hajawahi kukosea hesabu za ng'ombe.

Nilimwalika baba mkubwa kivyake na baba kivyake, na sikumwambia yeyote kuhusu mwenzake. Halafu nikakaa kwenye kompyuta ya chuo, nikachapa kadi za viti kwa herufi za mapambo, nikaziweka kwenye meza moja. Baba alifika wa kwanza siku hiyo, na suti yake ya kanisani. Nilimwamkia, nikamvutia kiti kama tulivyofundishwa, akasoma kadi yake, kisha akasoma ya kiti cha pili. Uso ukabadilika.

"Nani ametupanga hivi?"

"Kompyuta, baba."

Baba alikuwa akiiheshimu kompyuta. Aliamini kwamba mashine ikishasema hakuna wa kubishana nayo. Aliigeuza kadi, akatazama nyuma kama kuna maelezo zaidi, akakaa. Baba mkubwa alipoingia, akamwona ndugu yake, alisita mlangoni, na mimi nikamwahi mkono kabla hajageuka.

"Shikamoo baba mkubwa. Karibu sana, karibu."

"Marahaba, mwanangu," akasema polepole. Asingeweza kunikimbia mbele ya watu, mimi niliyekunywa maziwa yake. Akakaa. Baba akaangalia dirisha, baba mkubwa akaangalia kalenda iliyotundikwa ukutani. Nikaenda jikoni kupakua mtori, supu yetu nzito ya ndizi na nyama, nimesahau kutabasamu.

Sasa, mapambo ya meza yalikuwa kazi ya yule rafiki yangu wa Chekereni. Alikuwa na maua aliyonunua sokoni tangu asubuhi, na joto la Moshi likayanyong'onyesha yote kabla ya saa sita. Sisi wengine tulikuwa tumezama kwenye masufuria. Hakutaka kutusumbua. Akatoka nje akaona kwenye ua wa chuo majani mazuri, marefu, ya kijani kibichi, hayana mwenyewe. Alikuwa ameona kwenye simu jinsi ya kukunja jani refu na kulipiga fundo ili lisimame vizuri kwenye glasi. Akachuma, akakunja, akapiga fundo moja moja kwa ustadi, akaweka glasi yenye jani katikati ya kila meza, hata ile ya wale wazee wawili waliokuwa wamegeukia dirisha na kalenda.

Mimi niliyaona nilipotoka na trei. Meza zote za ukumbi zilikuwa zimewekewa isale lenye fundo.  Nilisimama na mabakuli mawili ya mtori unaotoa moshi, nikaona baba mkubwa ameacha kuangalia kalenda. Alikuwa anaangalia ile glasi. Baba naye alikuwa ameacha dirisha.

Nikajisogeza, nikaweka bakuli la baba mkubwa kutokea kushoto, kwa kuwa ndiye mkubwa, kisha la baba. Hakuna aliyeniona. Ningekuwa ukuta wa ukumbi ingekuwa sawa.

"Hili umelileta wewe?" baba mkubwa aliuliza.

Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza niliyomsikia akimwambia baba tangu nikiwa darasa la tano. Nilifungua mdomo niseme ni mapambo tu, baba mkubwa, samahani, nayaondoa sasa hivi. Nikaufunga. Baba alilitazama lile jani. Angeweza kusema hapana. Lilikuwa neno moja, na alikuwa amelisema kwa miaka yote ile bila shida.

"Kula kwanza, kaka," alisema. "Mtori unapoa."

 Baba mkubwa alinyoosha mkono, akalitoa isale kwenye glasi, akalikung'uta maji, akalitia mfuko wa ndani wa koti. Kisha akachukua kijiko. Nilimwona mtahini pembeni akiandika kitu, kwa kuwa mgeni wangu alikuwa ameweka mapambo ya meza mfukoni, lakini wakati huo angeandika hata jina langu kwa wino mwekundu nisingejali. Nilikuwa nasema moyoni, asitokee mtu akaongea, tafadhali, asitokee mtu yeyote akaongea.

Akatokea. Meza ya tatu kutoka kwetu alikaa mzee mmoja, babu wa mwanafunzi mwenzetu, aina ya wazee wanaosikia vibaya na kwa hiyo wanaamini watu wote wanasikia vibaya.

"Mkuu wa chuo!" alipaza sauti. "Chuo kimetukosea nini mpaka mtuombe msamaha meza zote?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Wamama wakaanza kuoneshana glasi zao. Mwalimu wetu wa Tanga akawa anageuka huku na huku na tabasamu lake la kazi, haelewi kinachochekwa, na rafiki yangu wa Chekereni, amesimama na jagi la juisi, akasema kwa sauti iliyofika kila kona, "Jamani, ni mapambo tu! Nimechuma hapo nje!"

Kijiko cha baba mkubwa kilisimama njiani. Aliinua kichwa, akatazama meza ya pili, akatazama ya tatu, akazunguka ukumbi wote kwa macho, glasi kwa glasi. Baba alikuwa ameinamia bakuli lake, shingo imekakamaa. Nilimfahamu baba. Kama kaka yake angelirudisha lile jani kwenye glasi, angesimama, angeshukuru kwa chakula, angeondoka, na bibi angeendelea kusikiliza kikohozi mpaka siku yake. Mkono wa baba mkubwa ulikwenda kwenye koti. Nikafumba macho, sijui kwa nini, kana kwamba kutoona kungesaidia.

Nilipofumbua, alikuwa anafunga kifungo cha koti.

"Mwanangu," aliniambia, "huu mtori umebaki?"

Nilikimbilia jikoni nikalia. Nikasingizia vitunguu, ingawa hakuna aliyekuwa akikata kitunguu. Rafiki yangu alinifuata ameshaambiwa na mtu maana ya isale, amejishika kichwa, anaomba radhi, anasema ameniharibia mtihani, ametuharibia wote. Nikamkumbatia pamoja na jagi lake, juisi ikatumwagikia. Nilimwambia akithubutu kuomba radhi tena nitampiga. Nilimpenda sana msichana yule, na bado nampenda, na wali niliowapa wale wazee baada ya mtori ulikuwa mchele wa kwao.

Mtihani nilifaulu, ila si kwa kujivunia. Mtahini alikata alama kwa tabasamu, kwa kuchelewesha chakula cha pili na kwa mapambo yaliyopotea. Kwenye meza yangu hayakusemwa mengi. Waliongea kuhusu dawa ya kupulizia kahawa. Baba mkubwa alisema wali umeiva vizuri, baba akasema ndiyo, umeiva. Kisha baba mkubwa akafuta mdomo kwa ile leso niliyoikunja kama kofia ya askofu, akasema kwa kuitazama leso, "Nina gari hapo nje."

Mwalimu wangu alinikuta dirishani nikiwachungulia. Alikuwa bado hajaelewa habari ya majani, lakini uso wa mtu aliusoma vizuri kuliko sote. "Vyombo vitaoshwa, mwanangu," alisema. "Vua aproni uende nao."

Tulipanda kwenda Machame watatu kwenye kiti cha mbele cha pikapu, mimi katikati, nanuka vitunguu na maembe.  Baba mkubwa alipitiliza njia ya kwake. Akaingiza gari kwenye njia yetu, polepole, migomba ikigusa vioo pande zote mbili, akazima injini langoni. Akakaa kidogo ameshika usukani. Kisha akashuka, na baba akamfungulia lango, ingawa halikuwa limefungwa.

Bibi alikuwa barazani anachambua maharage kwenye ungo. Alisikia viatu, akainua uso, na mikono yake ikaacha kutembea. Alimtazama mmoja, akamtazama wa pili, akarudi kwa wa kwanza. Baba mkubwa alimsogelea, akafungua koti, akatoa lile isale, sasa limenyauka na kupindana kwa joto la mwili, akaliweka juu ya maharage.

Bibi aliligusa lile fundo kwa kidole. Alikuwa amepiga na kufungua mafundo mengi ya aina hiyo katika maisha yake, na sidhani kama alishawahi kuona lililofungwa kwa mtindo wa kwenye simu.

"Nani amemletea mwenzake?" aliuliza kwa Kichagga.

Nilikuwa nyuma yao, nimeshika lango. Miaka yote ile swali lilikuwa hilo tu.

"Mimi," alisema baba.

"Ni mimi, mama," alisema baba mkubwa, sauti zao zikigongana.

Wakatazamana. Bibi akawaangalia wanawe wawili wenye mvi, wamesimama mbele yake ndani ya ua wake kama watoto waliovunja chungu, na midomo ikaanza kumtetemeka, akacheka, machozi yanamshuka kwenye mikunjo bila yeye kuyafuta.

"Basi mmoja wenu ni mwongo," alisema. "Leteni viti mkae."

Nilivileta mimi. Nilijua kwamba waongo ni wawili, na nikiwa nimekumbatia vile viti kifuani nilimpenda kila mmoja wao mpaka nikashindwa kupita mlangoni.